Barafu Ilipoondoka: Maji na Nyufa Vinavyochonga Graniti ya Yosemite

Kando ya Ziwa Tenaya, ndani ya hifadhi ya taifa ya Yosemite, juu katika milima ya Sierra Nevada huko California, kuna jambo linalomchanganya kila anayetazama kwa makini. Hapa mwamba unang'aa kama sakafu iliyopigwa msasa jana. Hatua kumi pembeni, mwamba uleule, wa umri uleule, uliofunikwa na barafu ileile, unapukutika mkononi na kuwa changarawe. Wenyeji wa asili waliliita ziwa hilo Pywiack, jina linalofasiriwa kuwa ziwa la mawe yanayong'aa. Barafuto, yaani ule mto mzito wa barafu uliopiga mng'aro huo, ilishayeyuka takriban miaka 15,000 iliyopita. Iweje sehemu moja ikae vilevile na jirani yake ioze?

Sababu ni maji, na hasa muda ambao maji hukaa yakiwa yamegusana na mwamba. Graniti tupu iliyoinama, isiyo na ufa, hunyeshewa na kukauka jua likitoka; maji hayapati nafasi ya kuidhuru. Graniti hiyohiyo ikifunikwa na udongo, hata wa kina cha mkono tu, hubaki na unyevu kwa majuma au miezi, na humo ndimo huoza. Mwaka 1965 mwanajiolojia Clyde Wahrhaftig, aliyechunguza sehemu ya kusini ya Sierra Nevada, alionyesha kwamba graniti iliyofukiwa huvunjika haraka kuliko iliyo wazi. Matokeo yake ni kwamba mwamba uliokwisha kuchomoza huzidi kubaki juu, na uliofunikwa huzidi kushuka. Mwenye nacho huongezewa. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya sura ya milima hii inaelezeka.

Barafu ilifanya nini hasa

Sifa nyingi hupewa barafu kuliko inavyostahili. Barafu ni laini kuliko graniti na haiwezi kuikwaruza; kinachokwaruza ni mawe na mchanga ulioganda kwenye sakafu ya barafuto. Hiyo ni kazi ya msasa, na huenda polepole. Kazi kubwa ni kung'oa. Barafuto inapopita juu ya mwamba wenye nyufa, maji yenye shinikizo chini yake huzitanua nyufa hizo, kisha barafu huchukua vipande vizima na kuondoka navyo. Penye nyufa zilizokaribiana, mita moja au chini ya hapo, mwamba huchimbwa kwa kasi. Penye nyufa zilizoachana kwa mita nyingi, barafu haipati pa kushika, hivyo hupita juu na kulainisha tu. Ndiyo maana kule Tuolumne, sehemu ya juu ya Yosemite, kuna makuba makubwa yaliyosimama katikati ya njia ya barafuto, na pembeni yake kuna mabonde yaliyochimbwa kabisa. Angalia kuba la Lembert Dome: upande ulioelekea barafu inakotoka ni mteremko laini, upande wa pili umevunjikavunjika, kwa sababu huko ndiko mawe yalikong'olewa.

Barafu pia ilizoa takataka. Kabla ya hapo miteremko ya milima ilikuwa na tabaka la graniti iliyooza, na barafu ililisomba na kuacha mwamba mzima ukiwa uchi. Saa ya kuoza ikaanza upya. Ila haikuanza upya kila mahali, na hilo husahauliwa sana. Barafu kubwa ya zamani, inayoitwa Sherwin, ilijaza Bonde la Yosemite karibu miaka milioni moja iliyopita. Ya mwisho, Tioga, ilifikia kilele chake takriban miaka 20,000 iliyopita na ilikuwa nyembamba zaidi. Ndani ya bonde iliishia karibu na uwanda wa Bridalveil na haikufika juu ya kuta. Kwa hiyo ukuta mmoja wa jabali unaweza kuwa na sehemu ya chini iliyosafishwa juzi, kwa hesabu za jiolojia, na sehemu ya juu ambayo imekuwa ikilika kwa mamia ya maelfu ya miaka.

Half Dome ni mfano mzuri wa kusahihisha simulizi. Watu huambiwa kwamba barafuto ilikata kuba hilo katikati na kuchukua nusu. Kilele chake, kilicho mita 2,693 juu ya usawa wa bahari, hakikuwahi kufunikwa. Hata barafu ya Sherwin ilipita zaidi ya mita 200 chini yake. Ule uso wima unafuata nyufa za wima zilizokuwamo ndani ya mwamba tangu zamani. Barafu ilidhoofisha sehemu ya chini, na sehemu ya juu ikaendelea kuanguka bamba kwa bamba kwa kufuata nyufa hizo. Upande wa pili wa mviringo hauna uhusiano na barafu: umetokana na mwamba kujimenya wenyewe, kama tutakavyoona.

Kuoza kunavyoanza: tafuta ulanga mweusi

Graniti, au itale, si kitu kimoja. Ni fuwele za aina tatu kuu zilizoshikana bila gundi: kwatzi ya kijivu inayofanana na kioo, feldispa nyeupe au ya waridi, na ulanga mweusi unaometameta katika vijani vyembamba. Mwamba huu uliganda kilomita kadhaa chini ya ardhi, kwenye joto na shinikizo kubwa; Half Dome ina umri wa takriban miaka milioni 90. Ukifika juu unakutana na mazingira ambayo madini yake hayakuyazoea.

Wa kwanza kusalimu amri ni ulanga mweusi. Ndani yake kuna chuma. Maji yenye oksijeni yakipenya kati ya vijani vyake, chuma hushika kutu na vijani huvimba. Uvimbe huo ni mdogo sana, lakini fuwele zimebanana na hakuna pa kuvimbia. Kwa hiyo ulanga husukuma jirani zake, na nyufa zisizoonekana kwa macho huanza kutambaa kutoka punje moja hadi nyingine. Nyufa hizo huingiza maji zaidi, maji hufikia ulanga mwingine, na mchezo unarudiwa. Feldispa nayo hushambuliwa na maji ya mvua yaliyochanganyika na kaboni dioksidi, ambayo huwa asidi hafifu, na hugeuka polepole kuwa udongo mfinyanzi wa aina ya kaolini. Kwatzi haibadiliki, hubaki kama mchanga.

Jambo la kushangaza ni kwamba jiwe huvunjika mapema sana katika safari hii. Chota gao la changarawe chini ya jiwe lililooza ulitazame: feldispa bado ina nyuso zake bapa zinazoakisi mwanga, kwatzi haina alama, ila ulanga umepoteza weusi na kuwa wa rangi ya shaba, na kuzunguka kila kijani kuna doa la kutu. Karibu madini yote yangali mazima. Kilichokufa ni mshikamano tu. Kwa hiyo graniti yenye ulanga mwingi hupukutika upesi kuliko yenye ulanga kidogo, hata kama zimekaa bega kwa bega.

Sasa rudi kwenye mng'aro wa Tenaya. Utando huo uliolainishwa una unene wa mikroni chache tu na umetokana na punje zilizosagwa na kubandikwa juu ya mwamba. Chini yake fuwele zimebanana. Maji huteleza na kuondoka. Lakini pakitokea ufa, au kibonde kidogo kinachotunza maji ya theluji, au kichaka kikapata pa kushika mizizi, unyevu huingia chini ya utando kutokea pembeni. Hapo mng'aro haufifii kidogo kidogo kama rangi ya ukuta inavyopauka. Hubanduka kwa vipande, na kinachobaki ni viraka vinavyong'aa vilivyoinuka kidogo, vimezungukwa na mwamba wenye uso unaokwaruza kama msasa.

Baridi, na maelezo ya chupa

Shuleni tulifundishwa kwamba maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 na kupasua mwamba, kama chupa iliyosahauliwa kwenye friza. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Ili mtanuko huo upasue, ufa lazima uwe umejaa maji kabisa na uwe umezibwa. Vinginevyo barafu hutokea mdomoni na shinikizo hupotea. Nyufa nyingi mlimani haziko hivyo.

Njia yenye nguvu zaidi ni ya subira. Mwamba ukiwa baridi kidogo chini ya sifuri, hasa kati ya nyuzi −3 na −8 za Selsiasi, ndani ya vitundu vyembamba kabisa bado kuna tando za maji ambayo hayajaganda. Kipande cha barafu ndani ya ufa huyavuta maji hayo na kukua, na kadiri kinavyokua kinasukuma kuta za ufa. Nyuzi zikishuka sana, tando huganda na ugavi hukatika. Zikipanda juu ya sifuri, barafu huyeyuka. Kwa hiyo kinachopasua si usiku mkali wa baridi kali bali majuma marefu ya baridi ya wastani penye maji ya kutosha. Mahali penye theluji inayoyeyuka polepole kando ya ukuta wenye kivuli ndipo pa kuangalia. Ukuta mkavu unaopigwa na jua, hata uwe juu zaidi, huumia kidogo.

Mwamba unaojimenya

Makuba ya Yosemite yana magamba kama kitunguu. Magamba ya juu yana unene wa sentimita chache, na ukienda ndani unene huongezeka hadi mita kadhaa. Mwanajiolojia G. K. Gilbert aliandika kuhusu umbo hili mwaka 1904, na kwa muda mrefu maelezo yaliyokubalika yalikuwa kwamba mwamba uliobanwa chini ya kilomita za mawe hutanuka mzigo ukiondolewa, na mtanuko huo huupasua sambamba na uso wake. Maelezo hayo hayajitoshelezi. Kuondoa mzigo hupunguza mbano. Hakutengenezi mvuto wa kulitenga gamba na mwili wake.

Kinachokosekana ni umbo. Chukua kadi ngumu, ikunje kidogo ipate mgongo, iweke mezani, kisha isukume kutoka pande mbili kuelekea katikati. Mgongo unainuka kuiacha meza. Ndivyo ilivyo kwa kuba: mwamba umebanwa kwa mlalo na nguvu za ndani ya ganda la dunia, na kwa kuwa uso wake umebinuka, mbano huo huzaa nguvu ya kuvuta kwenda nje. Nguvu hiyo ikizidi uimara wa jiwe, ufa hufunguka chini ya uso, ukifuata mbinuko uleule. Gamba likianguka, uso mpya nao umebinuka, na kazi inaendelea. Barafu ilisaidia kwa kuondoa vifusi na kuacha nyuso pana zilizobinuka.

Kwa kawaida hakuna anayeona tukio lenyewe. Lakini mwezi Agosti 2014, kwenye kuba dogo la graniti huko Twain Harte, magharibi mwa milima hiyohiyo, mwamba ulipasuka mchana wa joto watu wakiwapo, kwa mlio kama wa baruti. Hakukuwa na tetemeko wala mvua. Joto la jua liliongeza mbano kidogo juu ya ule uliokuwapo, na hicho kidogo kilitosha.

Jua hufanya jambo jingine la kimya zaidi. Wanajiolojia Brian Collins na Greg Stock walifunga vipimo kwenye bamba moja la ukutani Yosemite, lenye urefu wa mita 19, upana wa mita 4 na unene wa sentimita 10 tu, wakalifuatilia kuanzia 2010 hadi 2013. Kila siku ya joto bamba lilijitenga na ukuta karibu sentimita moja ifikapo alasiri, na usiku likarudi. Halikurudi lote, msimu hadi msimu lilibaki mbali zaidi kidogo. Ni kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa: siku ya kukatika haina tofauti na siku nyingine. Hilo linaeleza kwa nini baadhi ya maporomoko ya mawe hutokea mchana mkavu wa kiangazi, yakiwashangaza watu waliozoea kulaumu mvua na baridi.

Kwa nini Yosemite haifanani na Mwanza

Msomaji anayeyajua mawe ya Mwanza, pamoja na lile Jiwe la Bismarck lililosimama kwenye maji ya Ziwa Viktoria, anaweza kuuliza mbona graniti ya huko ni mirundo ya mawe ya mviringo. Tofauti ni historia ya udongo. Huko maji yalipenya kwenye nyufa mwamba ukiwa bado umefukiwa, katika joto, kwa muda mrefu mno. Pembe ya jiwe hushambuliwa kutoka pande tatu, ukingo kutoka mbili, uso mmoja tu; kwa hiyo pembe huisha kwanza na jiwe huviringika humohumo ardhini. Baadaye udongo uliooza ulisombwa na mawe yakabaki yamepakatana. Yosemite barafu ilikwisha kuyazoa mawe ya namna hiyo, na miaka 15,000 haitoshi kutengeneza mengine. Panda kwenye sehemu za Sierra Nevada ambazo barafu haikufika, na utayakuta mawe ya mviringo, changarawe ya kina kirefu, na vishimo vya maji juu ya makuba ambavyo havipo kwenye nyuso zilizosafishwa na Tioga.

Kusoma umri wa uso kwa macho na nyundo

Anza na viraka vya mng'aro. Weka rula bapa juu ya kiraka, iache ichungulie juu ya mwamba uliochakaa, kisha pima pengo la chini yake. Hicho ndicho kimo kilichopotea tangu barafu iondoke. Mara nyingi ni milimita kadhaa hadi sentimita chache. Pima sehemu nyingi, maana pengo kando ya ufa litakudanganya.

Pasipo na mng'aro, tazama fuwele. Graniti ya Cathedral Peak, inayopatikana sehemu kubwa ya Tuolumne, ina fuwele za feldispa zenye urefu wa sentimita 5 hadi 10. Kwenye uso uliosafishwa na barafu fuwele hizo zimekatwa sawasawa na mwamba, kama vigae. Kwenye uso uliolika zimechomoza kama vifundo, na wapanda miamba hukanyagia humo. Mishipa ya aplaiti, mwamba mweupe wenye punje ndogo na ulanga kidogo sana, hutoa kipimo kirefu zaidi, kwa kuwa hulika polepole kuliko graniti inayoizunguka. Juu ya kuba la Moraine Dome, mwanajiolojia François Matthes alionyesha mshipa uliosimama kama ukuta wa karibu mita 2. Graniti iliyouzunguka ilishuka kiasi hicho.

Kwenye moreni, yaani matuta ya mawe na udongo ambayo barafuto iliyaacha kandokando na mwishoni mwake, chukua nyundo. Gonga jiwe: zima hulia kama chuma na nyundo inaruka, lililooza hutoa mlio mfu na punje humwagika. Mwanajiolojia Eliot Blackwelder alitumia tofauti za namna hii alipozipa barafu za Sherwin, Tahoe na Tioga majina yake mwaka 1931. Kwenye matuta ya Tioga mawe mengi ni mazima. Kwenye yale ya zamani zaidi mengi yameoza. Hesabu mia moja ikiwezekana, usichague, na utumie mawe ya aina moja ya graniti, la sivyo utakuwa unapima ulanga badala ya umri. Ndani ya hifadhi ya taifa kugonga na kuvunja mawe hakuruhusiwi. Tosheka na macho na kiganja.

Maabara hupima berili-10, aina ya atomu ambayo miale kutoka angani huitengeneza ndani ya kwatzi: kwenye usawa wa bahari atomu 4 hadi 5 kwa gramu kwa mwaka, mlimani zaidi. Kadiri atomu zilivyo nyingi, ndivyo uso ulivyokaa wazi kwa muda mrefu. Makosa huingia kwa njia zinazojulikana. Jiwe lililokuwa limezikwa ndani ya tuta na kufichuliwa baadaye huonekana kijana. Moto wa msituni hubandua ngozi ya jiwe na kuondoka na atomu zake, nalo huonekana kijana vilevile. Mwamba ambao barafu ililainisha tu bila kuuchimba kwa kina hubaki na atomu za kabla ya barafu, ukaonekana mzee kuliko ulivyo. Hili la mwisho hutokea hasa kwenye makuba yasiyo na nyufa, yaani yaleyale yanayovutia kupimwa.

Mawe yanapofika chini

Kila gamba linalotenguka mwishowe hufika kwenye sakafu ya bonde. Takriban miaka 3,600 iliyopita zaidi ya meta za ujazo milioni 2 ziliporomoka kutoka jabali la El Capitan, ndani ya Bonde la Yosemite. Lundo lake bado lipo. Tarehe 10 Julai 1996, juu ya Happy Isles, mapande mawili ya mwamba yaliruka kutoka ukingoni na kufika chini kwa kasi ya zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Mawe yenyewe hayakwenda mbali. Upepo uliosukumwa nayo uliangusha miti ipatayo elfu moja, na mtu mmoja akafariki. Mwezi Septemba 2017 bamba lilianguka kutoka El Capitan na kuua mtu, na kesho yake likaanguka jingine kubwa zaidi mahali palepale: gamba likiondoka, jirani yake hupoteza egemeo na mbano huhamia kwake. Ndiyo maana kukimbilia kutazama kovu jipya ni hatari kuliko kukaa mbali siku kadhaa.

Baada ya mawe ya Oktoba 2008 kutoka Glacier Point kufika kwenye makazi ya wageni ya Curry Village, zaidi ya vibanda 200 vilifungwa moja kwa moja. Kilichoamua mpaka wa usalama si ukingo wa lundo la mawe, kwa kuwa lundo huonyesha mawe mengi yalikoishia tu. Wanajiolojia walitembea nje ya lundo, msituni, wakitafuta jiwe mojamoja lililobiringika peke yake na kupita mengine yote, wakapima umbali wake kutoka kwenye ukuta.